Mkwe, Mimi na Yule Asiye na Kichwa

Wenzangu wa darasa la jioni, na nyie wa kwaya ya kigango, habari hii nimeisimulia kisimani, nimeisimulia sokoni, nimeisimulia mpaka kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na kila ninapofika nakuta imeshatangulia na imeota mkia. Juzi mtu kaniuliza kama ni kweli nilitekwa Kiabakari. Sikutekwa. Basi naandika mara moja. Mwenye swali asome humu, na asiponiamini apande gari aende Kabasa, pale Bunda, akamuulize fundi Shabani, yule wa cherehani.

Rula na uzi

Mnakumbuka ile jioni mwalimu alileta ramani akatuambia tupime kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi uwanja wa ndege wa Musoma. Kwanza kwa rula, kama ndege anavyoruka. Halafu kwa uzi, kuufuatisha barabara na kona zake zote, Magu, Lamadi, Bunda, Kiabakari. Kwa rula ilikuwa sawa na kidole changu cha kati. Kwa uzi ilikuwa kidole cha kati na nusu ya mwenzake. Mimi nikanyoosha mkono, nikasema, "Mwalimu, mtu mwenye akili zake atafuataje uzi na rula ipo?" Mkacheka. Na mimi nikacheka. Mungu akasikia, akaniandalia jibu.

Mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa binti yangu Nyamisi, alikuwa abatizwe Jumamosi saa tisa alasiri hapa kigangoni kwetu Butiama. Mnajua padri wetu hatufikii kila wiki. Vigango ni vingi, na akishaondoka, mpaka arudi mtoto ameota meno. Baba wa mtoto naye alikuwa amepata kazi kusini ya mwaka mzima, anaondoka Jumatatu. Na padri alisema hadharani: baba awepo, mama awepo, msimamizi awepo. Akikosekana mmoja, mtoto anangoja zamu nyingine. Msimamizi ni mimi. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi hiyo, au mwanaume wa watu akae kusini mwaka mzima anabatiziwa mtoto kwa simu.

Mimi nilikuwa nimeenda Mwanza kwa mdogo wangu kufuata lile gauni jeupe la ubatizo. Watoto wangu wote watano wamebatiziwa humo, na mdogo wangu aliliazima akasahau kwamba kuazima kuna kurudisha. Mkwe wangu, huyo baba wa mtoto, naye yuko hukohuko Mwanza, ni fundi wa magari, ana kagari kake, na alikuwa anakuja Butiama siku hiyohiyo.

Sasa mtu wa mbali akilikuta daftari hili atauliza, si upande gari la mkwe wako mama, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa umbali. Akikuona njiani anaingia kwenye majani mpaka upite. Hampeani mkono. Hamli pamoja. Jina lako halitaji, na la kwake hulitaji, hata hapa mimi siliandiki. Kuongea mnaweza, kidogo, kama kuna mtu wa tatu katikati anayepokea maneno huku na kuyapeleka kule. Na askari wa mambo haya kwenye ukoo wetu ni wifi yangu mkubwa, Shangazi Nyabweke, ambaye macho yake yamepungua lakini masikio yameongezeka.

Mkwe akawaza. Aende na viti vitupu huku mama mkwe anabanana kwenye basi? Watu wa Butiama watasemaje? Ndipo akaninunulia tiketi ya ndege. Yeye atafuata uzi, mimi nitafuata rula, na heshima itabaki mahali pake. Mume wangu, Baba Nyamisi, angenipokea Musoma na pikipiki. Mpango ulikuwa mzuri sana. Ubaya wake ni kwamba ulikuwa mpango.

Uwanja wa Mwanza, mara ya kwanza

Ndege ni ndogo, kwa hiyo hawapimi mzigo tu, wanapima na mwenye mzigo. Nilipanda kwenye mzani mbele za watu, nimekumbatia gauni kifuani kama ndio litapunguza. Kijana wa mzani aliandika uzito wangu bila kuinua uso. Nilimpenda kwa hilo.

Kwenye viti vya kungojea nilikaa karibu na mzee mmoja wa barakashia na koti, na pembeni yake alikuwa amemsimamisha mtu asiye na kichwa. Kiwiliwili tu, cha mbao kilichovalishwa kitambaa, na mguu mmoja wa mti.

"Shikamoo mzee wangu. Na huyu ni nani?"

"Marahaba binti yangu. Huyu ni mteja. Nimempata hapa Mwanza. Hanenepi, hakondi, na haulizi nguo yake itaisha lini."

"Mbona hana kichwa?"

"Angekuwa nacho si angeuliza?"

Ndiye fundi Shabani. Anakaa Bunda, ila alikuwa anaruka mpaka Musoma ili arudi tena Bunda kwa gari. Nikamuuliza sababu. Akasema binti yake kamzawadia tiketi, na yeye maisha yake yote alitamani kulipita bati lake kwa juu aone mafundi walimwibia wapi.

Tulitakiwa kuruka saa mbili. Dada wa pale akaja akasema, "Musoma hali ya hewa bado, tusubiri dakika thelathini." Zikaisha. Akaja akatupa thelathini zingine, kwa tabasamu lilelile. Nilitoa viazi vitamu vyangu vya kuchemsha, tukala na fundi. Tatizo lilikuwa nje. Mkwe alikuwa amekuja kuhakikisha nimepaa, amesimama juani karibu na gari lake, mbali na mimi kama desturi inavyotaka, na hataki kuondoka. Kumwita siwezi. Kumpungia mkono siwezi.

"Mzee wangu," nikasema, "yule kijana pale nje ni mkwe wangu. Naomba ukamwambie aende, ana safari ndefu."

Fundi akaenda, akarudi. "Anasema hawezi kuondoka na mama yake bado yuko chini."

"Mwambie mama anakaribia kuwa juu."

Akaenda, akarudi. "Anasema ataamini akiona."

Basi alisimama juani saa mbili nzima, mpaka tulipoitwa. Nilipokuwa napanda ngazi nilisikia gari linawaka. Wekeni akilini kuchelewa kwake huko, kulikuja kutusaidia.

Hewani

Rozari yangu nilipanga ianzie Mwanza iishie Musoma. Nilianza kwa macho yaliyofumbwa, mpaka fundi akanigusa na kiwiko. "Mama, fumbua, umelipiwa."

Nikafumbua. Ziwa lote lilikuwa pale chini, na visiwa vyake, na mimi mtoto wa uvuvi ambaye nimelijua hilo ziwa kwa magoti tu sikuwahi kujua kwamba lina uso. Nililia kidogo. Fundi yeye alibandika pua dirishani upande wa pili, na tulipokaribia Bunda alipiga kelele, "Lile pale! Lile pale!" Rubani mwenyewe aligeuka.

Fungu la nne la rozari, Musoma hiyo. Niliuona ufukwe wa Mwigobero, mitumbwi na maboti yamelala kama maharage yaliyomwagika, na dagaa wameanikwa mchangani wanang'aa. Halafu nikaona kitu kilichonikata maini. Wanawake walikuwa wanakimbia, wanakunja nyavu, wanazoa dagaa.

"Fundi," nikasema, "hatutui."

"Umeambiwa na nani?"

"Wale wanawake. Mama wa dagaa hakimbii bure. Mvua inatoka ziwani."

Hakuniamini. Rubani akashuka, tukaona uwanja, nikaona kabisa kijipikipiki chekundu cha Baba Nyamisi kimeegeshwa. Halafu dunia ikawa jivu, upepo ukatupiga ubavuni, tumbo langu likabaki chini na mimi nikapaa. Tukazunguka. Tukashuka tena. Tukapaa tena. Mara ya tatu rubani akatuambia kwa upole kwamba Musoma imefunga, petroli haimruhusu kungoja, tunarudi Mwanza.

Nilimalizia rozari kwa haraka isiyo na heshima. Nilimwita malaika Rafaeli, msindikizaji wa wasafiri, nikamwambia kama ana njia nyingine anionyeshe, maana rula imevunjika.

Fundi alikuwa ametulia. "Bati nimeliona mara mbili," akasema. "Kwenda na kurudi. Upande wa jikoni lina kutu."

Uwanja wa Mwanza, mara ya pili

Tulivyokanyaga chini tu simu ikaita. Baba Nyamisi, amelowa, nasikia meno yanagongana.

"Mama Nyamisi! Mbona ndege imenipita?"

"Tumerudi Mwanza."

"Mmesahau nini?"

Mimi na yule bwana tumeoana miaka mingi, nampenda, lakini pale nilikata simu.

Ilikuwa inakaribia saa tano. Yule dada wa dakika thelathini akatuambia ndege nyingine ni kesho. Nikahesabu mabasi. La kuondoka saa hizo, na kusimama kwake kila mti, lingenifikisha Butiama padri ameshakula jioni kwake. Nikampigia Nyamisi.

"Mama, baba mtoto amefika Magu tu," akasema, "maana alichelewa kuondoka. Anasema anageuza kukufuata."

"Asigeuze! Akae hapohapo Magu. Nakuja na teksi."

"Halafu?"

"Halafu napanda gari lake."

Nikamsikia mtoto analia kule kwake. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi Nyabweke ameshafika. Amekaa mlangoni."

Jamani, mimi si mtu wa kuchezea desturi. Nimelelewa nayo, na nimemlea Nyamisi nayo. Lakini nilisimama pale na lile gauni mkononi, nikajiuliza, siku ya hukumu nitaulizwa lipi? Nikageuka kwa fundi.

"Mzee wangu, unaenda Bunda. Ukipanda na sisi unafika bure. Kazi yako ni moja tu, uwe katikati."

"Maisha yangu yote nimekuwa fundi," akasema. "Leo nimepandishwa cheo, nimekuwa ukuta."

Magu hadi Lamadi

Tulimkuta mkwe kando ya barabara Magu, amefungua milango yote ya gari, yeye mwenyewe amesimama ng'ambo, nyuma ya mti, ili nipande bila kumpita. Nikapanda nyuma. Nikavua kitenge changu cha akina mama wa kanisa, kile chenye picha ya Mama Maria, nikakifunga kuanzia kishikio cha juu mlango huu mpaka mlango ule, kikawa pazia. Sasa sioni kisogo chake na yeye haoni uso wangu. Nilichokuwa sijawaza ni kwamba upande wenye picha uligeukia mbele. Kila akiangalia kioo anamwona Mama Maria. Nafikiri ndio maana hakuvunja sheria hata moja ya barabarani.

Fundi akakaa mbele, mteja wake akalazwa kwangu nyuma. Tukaondoka, na gari lilikuwa polepole.

"Mzee," nikasema, "mwambie dereva aongeze mwendo kidogo, saa zinaenda."

Fundi akageuka kwa mkwe. "Kijana, mama anasema gari lako linatembea kama lina mimba."

Nikasikia mkwe anasema chini chini, "Mzee, mwambie mama hapa kuna matuta."

"Mama, anasema uzito umezidi."

"Sijasema hivyo!" mkwe akapiga kelele.

Mwaka mzima na zaidi amemuoa mwanangu, sikuwahi kuisikia sauti yake nzima. Ilikuwa sauti nzuri, ya mtu anayeweza kucheka. Nikajifunika uso na gauni la ubatizo, nikacheka mpaka mbavu zikauma, kimya kimya, kwa sababu kicheko nacho kina heshima yake.

Lamadi njaa ilitushika. Mama wa kibanda alikuwa amebakiza sato mmoja, mkubwa, wa kukaanga, na ugali. Mmoja tu, na sisi hatuli pamoja. Nikakaa ndani ya kibanda, mkwe akakaa nyuma yake kwenye tairi, na sato akakaa mbele ya fundi. Fundi alimpima kwa macho, akamlaza, akamkunja kidogo, akamkata kwa kisu mstari ulionyooka kama anakata kitambaa cha suti. Kichwa akaniletea mimi, kwa ukubwa wangu. Mkia akaupeleka nyuma. Katikati akabakisha.

"Na hiyo?" nikauliza.

"Ukuta nao unakula."

Samaki mmoja, lakini sahani tatu. Nikaona sheria bado imesimama, ingawa imeinama kidogo. Kupitia matundu ya ukuta wa miti nilimsikia mkwe anaguguna mfupa kama mtoto. Kumbe alikuwa hajala tangu asubuhi. Nilimwambia fundi amwongezee ugali wangu. Pilipili nilikula mwenyewe yote, na hiyo ilikuja kunigharimu.

Bunda

Saa nane kasoro tukaingia Kabasa. Mbele ya duka la fundi alikuwa amesimama kijana amevaa shati jeupe na viatu vipya, lakini suruali ya kushindia.

"Fundi! Harusi ni leo!"

"Nilikuwa angani nakutafuta," fundi akamwambia, kisha akatugeukia. "Jamani, ningeendelea na nyie, lakini huyu nikimwacha ataoa na hiyo suruali."

Bila fundi hakuna mtu wa tatu. Mkwe alishuka akauliza stendi kama kuna abiria wa Butiama, tumpeleke bure, hata mlevi tutamchukua. Hakuna. Wa Musoma walishapanda mabasi yao. Dakika zinakwenda. Mkwe akarudi akasimama mbali, anaangalia viatu vyake. Niliona anataka kusema kwamba atashuka yeye, apande bodaboda, aniachie gari, ila hajui nani ataliendesha.

Fundi aliingiza mkono nyuma ya gari, akamtoa mteja wake. Akamketisha mbele, mahali alipokuwa amekaa yeye. Akavua koti lake akamvalisha, akafunga vifungo vyote vitatu, akavua barakashia akaitundika juu ya ule mti wa shingo.

"Nawaachia mdogo wangu," akasema. "Hasikii, haongei, na hatoi siri. Mtanirudishia Jumatatu, na koti mlipige pasi."

"Mzee wangu," nikasema, "huyu si mtu."

"Mama, kwa leo ni mtu kiasi."

Kiabakari

Kutoka Bunda tulikwenda bila neno. Nani amwambie nani? Niliwahi kujisahau nikasema, "Mzee, mwambie..." halafu nikanyamaza. Yule mzee hakugeuka.

Karibu na Kiabakari trafiki kijana akatusimamisha. Kiswahili chake laini, cha Pwani kabisa, nikajua huku si kwao.

"Habari za safari. Huyu mzee mbona hajafunga mkanda?"

Mkwe akamfunga mteja mkanda. Trafiki akachungulia. Akatazama chini ya barakashia. Akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu hana kichwa."

"Ndiyo, afande."

"Na nyuma ya pazia kuna nani?"

"Mama."

"Mama yako?"

"Hapana. Mama."

"Anaitwa nani?"

"Siwezi kulitaja, afande."

"Hulijui?"

"Nalijua. Siwezi."

Yule kijana akaja dirishani kwangu, akainama, akaniongelesha kwa upole ambao mama yake ajivunie. "Mama, shikamoo. Usiogope. Kama huyu mtu amekuchukua bila hiari yako, usiseme kitu. Kohoa tu."

Wenzangu, ile pilipili ya Lamadi na lile vumbi. Nilikuwa nimezuia kikohozi tangu Bunda. Nilizuia, nikazuia, machozi yakanitoka, halafu nikakohoa mara saba.

Mkwe akashushwa. Mikono juu ya boneti. Mimi napiga kelele kwamba siyo, ni pilipili, na yule kijana ananiambia, "Tulia mama, umeokoka." Nikaangalia simu, saa tisa kasoro robo. Nyamisi ametuma ujumbe: *Padri ameingia.* Nikafikiri, hapa ndipo inapoishia. Mtoto atangoja, baba yake aende kusini na jina la mteka mama wakwe. Na aliyemtia humo ni mimi na koo langu.

Nikashuka. Nikataka kwenda kumwombea, lakini alivyoniona tu nakaribia, pamoja na mikono yake juu ya boneti, akaanza kusogea pembeni anipishe, kama ilivyo desturi, na yule trafiki akafikiri anatoroka.

Kelele zikamtoa kivulini trafiki mwingine, mama mtu mzima, anakula muwa. Alitazama kitenge. Akamtazama asiye na kichwa. Akamwona mkwe anavyonikwepa kwa ubavu kama kaa. Akatema maganda.

"Mkwe?" akaniuliza.

"Mkwe, mwanangu. Ubatizo saa tisa. Butiama."

Akamgeukia mwenzake. "Umemuuliza jina la huyu mama?"

"Nimemuuliza, amekataa kabisa!"

"Basi mwachie. Angelitaja ndio ungemkamata."

Kigangoni

Sehemu hii mnaijua nyie kuliko mimi, lakini acheni niseme nilichosikia. Tulipokata kona ya mwisho ilikuwa saa tisa na nusu imepita, na nilisikia mnaimba wimbo wa matoleo. Wimbo ule una beti nne. Nilihesabu ya tano inaanza, nikasikia ya sita, na ya sita ilikuwa inamshukuru Mungu kwa mahindi, mihogo, mtama na dagaa, mambo ambayo mtunzi hakuyaandika. Nikajua ni nyie, mnamzuia padri. Mungu awazidishie pumzi. Yule aliyeongeza mtama nitamnunulia soda.

Niliingia na vumbi langu, mkwe akaingia mlango mwingine. Padri akatutazama, akatazama saa, akasema, "Haya, haraka." Nikamvalisha mtoto gauni juu ya nguo zake, nikambeba mpaka kwenye maji. Akabatizwa. Jina nilikuwa nimepanga lingine, lakini nilipoulizwa likatoka Rafaeli, na nadhani mnaelewa kwa nini.

Halafu padri, ambaye kwao ni mbali, akasema, "Msimamizi, mkabidhi baba mtoto wake."

Kwetu ningempa Nyamisi, na Nyamisi angempa mume wake. Lakini Nyamisi alikuwa na mshumaa unawaka mkono mmoja na kitabu mkono mwingine. Benchi la mbele, Shangazi Nyabweke, shingo imenyooka. Kanisa zima kimya, hata nyie. Mkwe alisimama mbele yangu, macho chini, na mikono yake ya grisi aliyoisugua mpaka imekuwa myekundu ameinyoosha.

Nilisafiri rula nikarudi, nikasafiri na uzi wote mpaka mwisho, na mahali pagumu kuliko pote palikuwa hapo, padogo kama kurasa mbili za daftari hili. Nikapiga hatua. Nikamweka mtoto mikononi mwake. Kwa kitambo kidogo kichwa cha Rafaeli kilikuwa kwenye mkono wangu na kwenye mkono wake pia.

"Asante, mama," akasema. Yeye mwenyewe, kwangu mimi.

"Karibu, baba," nikasema.

Kutoka benchi la mbele ilisikika "Mh!"

Nje, Shangazi aliniita pembeni ya gari. "Wifi, mlikujaje?"

Kudanganya siwezi, na nje ya kanisa zaidi siwezi. Nikasema, "Wifi, mimi nilikatiwa tiketi ya ndege, nikapanda ndege, na Musoma nimeiona kwa macho yangu." Kila neno la kweli, na bado niliona aibu.

Akalisogelea gari, akainama kwenye dirisha la mbele na macho yake hafifu, akatazama koti, vifungo vitatu, mkanda na barakashia. "Asante mzee wangu," akasema, "kwa kukaa katikati ya watoto wetu." Akaenda zake kula pilau. Mimi nilibaki pale nimejishika mdomo, na dhambi ya kutomsahihisha nikaipanga kwa kitubio kijacho.

Jumatatu asubuhi mkwe alikuja kuaga aende kusini, akipitia Bunda kumrudisha mteja wa fundi. Shangazi alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Akamwita kwa mbali, mimi nasikia.

"Yule mzee wa kwenye gari, mwambie mwenyewe amtafutie kichwa. Kwenye hesabu yangu hakuingia."

Mkwe akaganda palepale. Mimi nikashika nguzo.

Shangazi akapepeta mchele wake, akapuliza makapi. "Lakini kanisani katikati yenu niliona mtu," akasema. "Mdogo, ila kichwa anacho. Huyo nimemhesabu."